Jiji la saa 24 linahitaji watu waliolala

Tangu Kariakoo ilipoanza rasmi kufanya biashara usiku na mchana, mapema mwaka 2025, mazungumzo yameelekea kwenye taa za barabarani, kamera za ulinzi, kodi, na iwapo mteja kutoka Lubumbashi au Lusaka atakuta kweli duka liko wazi saa 8 usiku. Wanaoushangilia mpango huu wanauona kuwa ushahidi kwamba Dar es Salaam imekomaa na kuwa jiji la watu wasiolala. Wanaoushuku wanahofia vibaka na bili ya umeme. Pande zote mbili zimekubali bila kuhoji kwamba jiji linalofanya kazi saa 24 ni jiji la watu wanaolala kidogo. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa katika mjadala wote, na halikuanzia Kariakoo. Limo kwenye mabeseni ya barafu ya wauza vinywaji kuanzia Ubungo hadi Mbagala Rangi Tatu, ambako chupa za vinywaji vya kuongeza nguvu, enaji kama tunavyoziita, zinagombania nafasi na maji na soda. Limo kwenye video za makocha wa mafanikio wanaowafundisha vijana kwamba anayelala hadi saa 12 asubuhi hatatajirika kamwe. Limo hata kwenye salamu zetu, ambapo mtu akiulizwa hali hujibu kwamba anapambana, na macho mekundu yanahesabiwa kuwa alama ya bidii.

Ninavyoamini mimi, uchangamfu wa akili, yaani uwezo wa kufikiri sawasawa, kuamua, kuvumilia na kuifurahia kazi, hauji kwa kusukumwa. Hutumika kila siku na hujengwa upya kila siku, kwa usingizi, chakula, mwendo wa mwili, utulivu wa fikra na kukaa na watu. Mtu mwenyewe anaweza kuutunza, na anapaswa kuutunza, ila sehemu kubwa ya matunzo hayo iko mikononi mwa mwajiri wake, mwenye nyumba wake na wanaolipanga jiji lake. Tunapolichukulia suala hili kuwa la hamasa peke yake, tunamdai mtu mmoja mmoja kitu ambacho ratiba tuliyompangia imekwisha kumnyang'anya.

Tuanze na ile chupa, kwa sababu ndiyo jibu la haraka ambalo jiji limejipatia. Ubongo una takribani asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote mwili unapokuwa umetulia. Kadiri saa za kuwa macho zinavyoongezeka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni na kutuletea ule uzito wa kope na mawazo kwenda taratibu; tukilala, hupungua. Kafeini iliyomo kwenye kahawa, chai na enaji haitengenezi nguvu yoyote mpya. Hujipachika mahali ambapo adenosini ingekaa, ili taarifa ya uchovu isifike. Ni kama dereva wa bodaboda kubandika plasta juu ya taa inayoashiria mafuta yanaisha: safari inaendelea na tangi linazidi kukauka. Kwa mtu mzima, nusu ya kafeini huchukua takribani saa 5 kuondoka mwilini, kwa hiyo chupa iliyonywewa saa 11 jioni kwenye foleni ya Tazara bado inafanya kazi kwa nusu yake saa 4 usiku, wakati mnywaji anatafuta usingizi. Analala vibaya, anaamka mzito, na asubuhi ananunua nyingine.

Sitaki kuungana na wanaotangaza kwamba enaji ni sumu. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, katika tathmini yake ya mwaka 2015, iliona kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku pasipo wasiwasi, na mjamzito miligramu 200. Kopo la kawaida la mililita 250 huwa na miligramu 80 hivi. Sukari inanitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa kopo moja linaweza kuwa na gramu 27, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku, na ikiwezekana iwe nusu yake. Lakini hata kama sukari yote ingeondolewa, bado tungekuwa tumeficha uchovu, nao uchovu uliofichwa hauachi kuharibu kazi.

Unavyoiharibu, unaweza kuuona Mtaa wa Aggrey, dukani kwa muuza vioo na chaji za simu. Nina kijana mmoja akilini. Anaishi Chanika. Saa 10 na nusu alfajiri yuko kituoni, maana akichelewa kidogo daladala zinapita zimejaa. Saa 1 asubuhi anafungua duka la bosi wake, na usiku anafika nyumbani saa 4. Asubuhi ni mwepesi na mcheshi, anakumbuka hadi jina la mteja wa wiki iliyopita. Kuanzia saa 9 alasiri anakuwa mtu mwingine. Mteja anaulizia kioo, yeye anafungua droo, anasimama akiitazama, anaifunga, kisha anamuuliza mteja upya alikuwa anataka kioo cha simu gani. Noti anazihesabu mara mbili na jioni mauzo bado yanapungua shilingi elfu kadhaa, ambazo zinakatwa kwenye posho yake. Bosi anasema kijana huyu hana umakini. Aliyemwona asubuhi anajua kwamba umakini anao. Anachokosa ni saa mbili tatu za usingizi kila usiku.

Wapo watakaojibu kwamba nguvu ya akili ni uamuzi, na hoja yao haistahili kudharauliwa, kwa sababu sayansi yenyewe imewahi kuyumba hapo. Mwaka 1998 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake nchini Marekani walidai kwamba utashi hupungua kadiri unavyotumika, kama msuli unaochoka, na kwa miaka mingi dai hilo lilifundishwa kama jambo lililothibitika. Mwaka 2016 maabara zaidi ya 20 zilirudia jaribio la aina hiyo kwa pamoja na hazikupata tofauti ya maana. Kabla ya hapo, mwaka 2010, Veronika Job, Carol Dweck na Gregory Walton walikuwa wameonyesha kwamba wanaoamini utashi hauishi upesi hustahimili zaidi baada ya kazi ngumu kuliko wanaoamini kinyume chake. Makocha wa mafanikio, basi, wana chembe ya ukweli mkononi: namna tunavyouchukulia uchovu hubadilisha kiasi tunachoweza kuendelea nao. Mtu aliyelala vizuri na kula vizuri, akakata tamaa saa 5 asubuhi kwa sababu amejiambia kwamba amechoka, anaweza kusaidiwa na neno la kumtia moyo.

Lakini kutoka hapo watu huruka hadi kwenye hoja iliyo dhaifu kuliko zote, kwamba usingizi nao ni mazoea na mwili utazoea. Mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya kuwapunguzia usingizi watu wazima wenye afya njema kwa siku 14 mfululizo. Waliolala saa 4 au 6 kwa usiku walizidi kuzorota siku hadi siku katika majaribio ya umakini na kumbukumbu, hadi kufikia hali ya mtu aliyekesha kabisa, wengine kama waliokesha usiku 2. Jambo zito zaidi ni kwamba wao wenyewe hawakutambua. Walipoulizwa wana usingizi kiasi gani, majibu yao yalipanda kidogo siku za mwanzo kisha yakatulia, huku makosa yakiendelea kuongezeka. Kwa hiyo mtu anayetuambia kwamba amezoea kulala kwa saa 5 tu anatueleza anavyojisikia, wala hatuelezi uwezo wake. Kilichozoea ni hisia tu. Ninaomba wamiliki wa mabasi, wakuu wa wodi na wenye maduka walifikirie jambo hili kwa uzito, kwa maana wao ndio wanaopokea neno "niko fiti, bosi" kila siku na kulifanya kuwa kipimo.

Upande wa pili kuna hoja yenye nguvu kuliko hiyo, na ndiyo inayoninyima raha ninapoandika haya. Inasema kwamba kuzungumzia utulivu wa akili ni anasa ya wenye mshahara. Mama lishe wa Mchikichini hawezi kuchagua saa ya kuamka, kwa kuwa maharage hayajichemshi. Machinga hana likizo. Na aliyechukua mkopo wa kausha damu anatakiwa kupeleka marejesho kila jioni, awe ameuza au hakuuza. Mwaka 2013 watafiti, wakiwamo Sendhil Mullainathan na Eldar Shafir, walichapisha utafiti kuhusu wakulima wa miwa nchini India, ambamo wakulima wale wale walipimwa kabla ya mavuno, fedha zikiwa zimekwisha, na tena baada ya mavuno. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kufikiri. Hawakuwa wamepungukiwa akili msimu mmoja na kuipata msimu mwingine. Hesabu za madeni zilikuwa zimekwisha kuishika sehemu ya akili hiyo. Kila mtu wa Dar es Salaam aliyewahi kudaiwa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo anaifahamu hali hiyo bila kusimuliwa.

Naikubali hoja hii karibu yote, isipokuwa hitimisho linalofuatishwa nyuma yake, kwamba maskini hana la kufanya. Mtu ambaye mtaji wake mzima ni wepesi wa akili yake na uimara wa miguu yake ndiye anayepata hasara kubwa zaidi vikidhoofika, kwa hiyo kwake mapumziko ni ulinzi wa mtaji. Kuna saa ambazo hazimo mikononi mwake, na kuna nyingine, chache, ambazo zimo. Nyingi kati ya hizo chache zinapotelea kwenye simu. Mechi kubwa za Ligi ya Mabingwa Ulaya huanza kwetu saa 4 usiku, au saa 5 wakati wao wako kwenye majira ya baridi, na kumalizika karibu saa 6 au saa 7. Mtazamaji wa kawaida anaweza kuzima televisheni wakati wa mapumziko, lakini mwenye mkeka wa kubeti hawezi, kwa sababu timu tano zimo kichwani mwake na fedha ya mboga ya kesho imo ndani ya mkeka huo. Hata matokeo yakishatoka, fikra hazitoki mara moja. Sophie Leroy, katika utafiti wake wa mwaka 2009, alionyesha kwamba mtu akiacha jambo kabla halijaisha na kuhamia jingine, sehemu ya akili hubaki kwenye lile la kwanza na la pili hufanywa vibaya. Ndiyo maana muuzaji anayejibu makundi matatu ya WhatsApp huku akimhudumia mteja hufika jioni akiwa hoi pasipo kujua ni kazi gani hasa iliyomchosha.

Hapa kuna matunzo yasiyogharimu kitu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, waliwaomba watu waandike kwa dakika 5 kabla ya kulala, baadhi mambo waliyokwisha kuyafanya, wengine mambo wanayopaswa kuyafanya siku zinazofuata. Walioandika ya siku zinazofuata walipata usingizi mapema zaidi. Mfanyabiashara wetu tayari ana daftari la mauzo na madeni. Akiongeza ukurasa wa kesho, nani wa kupigiwa, mzigo upi wa kufuatwa, deni lipi la kuombewa muda, atakuwa ameyatoa kichwani yale yanayomgeuza ubavu huu na ule usiku. Kadhalika kupanga saa mbili tatu za kujibu ujumbe, badala ya kujibu kila simu inapolia, ni uamuzi ambao hata mwenye genge anaweza kuufanya. Mwili nao unataka mwendo. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na vikundi vya kukimbia vinavyojaa Daraja la Tanzanite na Coco Beach mwishoni mwa wiki vimeonyesha kwamba jiji linalihitaji jambo hilo. Mpanda daladala anayeshuka kituo kimoja kabla ya chake na kutembea amefanya sehemu ya kazi hiyo hiyo.

Lipo jambo ambalo wahamasishaji karibu hawaligusi, nalo ni damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 uliona kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Dalili zake ni uchovu, kizunguzungu, kushindwa kukazia fikra na moyo kwenda mbio kwa kupanda ngazi chache, yaani zile zile ambazo kwenye semina zinaitwa uvivu na kukosa maono. Sababu zake ni nyingi, malaria na minyoo zikiwamo, lakini kubwa ni upungufu wa madini ya chuma, na mazoea yetu ya mezani yanauzidisha, kwa kuwa chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini hayo yasifyonzwe vizuri. Kifungua kinywa cha chai ya rangi na maandazi mawili, kisha chipsi mchana, hukidhi njaa na kuuacha mwili mtupu. Dagaa, maharage, matembele yenye ndimu au chungwa pembeni, na chai kusogezwa mbele kwa muda wa saa moja baada ya mlo, vingefanya zaidi ya kitabu chochote cha kutia moyo. Mwanamke anayechoka pasipo sababu anastahili kupimwa damu kabla ya kuhubiriwa. Ningeongeza maji: wanawake wengi wanaosafiri kwa muda wa saa 2 kwenda kazini hawanywi maji asubuhi kwa hofu ya kukosa choo njiani, na katika joto la Januari na Februari kiu ya namna hiyo huleta maumivu ya kichwa na fikra nzito ifikapo adhuhuri.

Kuna pia mafundisho ya utulivu yanayoletwa kwetu kama bidhaa mpya, yakiwa na ada na mkeka wake, na huu wa kukalia. Siyakatai, ila yanatukuta na utaratibu ambao tayari unaikatiza siku. Sala tano za Mwislamu zinamtoa muuza duka nyuma ya kaunta, zinamnawisha uso na miguu kwa maji, na kumnyamazisha kwa dakika kadhaa kabla ya kumrudisha. Jumuiya na mazoezi ya kwaya huwakalisha Wakristo pamoja jioni kwa jambo lisilo na faida ya fedha. Kijiwe cha kahawa na kashata huwapa wanaume wa Magomeni na Ilala mazungumzo yasiyo na haraka. Wenye maduka wengi wa pwani walikuwa wakifunga mchana, wakati ambao wepesi wa akili hushuka wenyewe kwa mzunguko wa mwili, na usingizi mfupi wa dakika 10 hadi 20 hapo hurejesha umakini bila kuuharibu usingizi wa usiku. Tunaziondoa desturi hizi moja baada ya nyingine kwa jina la ushindani, kisha tunakwenda kununua mbadala wake.

Usiku wenyewe nao una vikwazo vyake. Ili mtu alale, joto la ndani ya mwili sharti lishuke kidogo, na chumba cha Manzese au Tandale chenye dirisha moja, lililofungwa kwa kuogopa wezi, chini ya bati lililochomwa na jua mchana kutwa, hakiruhusu hilo kwa urahisi. Nje kuna baa inayopiga muziki hadi alfajiri, au ngoma ya kigodoro ya mtaa wa pili. Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu mwaka 2015, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira limewahi kuzifungia baa zilizozivunja; kinachokosekana ni kuzisimamia kila wiki badala ya kwa msimu. Ninayachukulia malalamiko ya kelele kuwa suala la uzalishaji, kwa kuwa mtaa usiolala leo ndio unaopeleka madereva, wauguzi na walimu kazini kesho.

Hapo ndipo Kariakoo ya saa 24 inapopata maana nyingine. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, liliuainisha uchovu mkubwa wa kazini kuwa hali itokanayo na msongo wa kazi usiodhibitiwa vyema, yaani liliuweka mahali pa kazi. Shirika lake la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani mwaka 2007, na likarudia uamuzi huo mwaka 2019. Hayo hayatoshi kuzuia biashara ya usiku, kwani hospitali na bandari zimekuwa zikifanya kazi usiku miaka yote, na foleni za asubuhi zingepungua kama shughuli zingetawanyika. Yanatosha kuonyesha kwamba saa 24 za duka moja ni saa za watu watatu. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 9 kwa siku, mapumziko ya dakika 60 baada ya saa 5 za kazi mfululizo, siku nzima ya mapumziko kila wiki, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya kazi ya usiku. Inaagiza pia saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na inayofuata, isipokuwa kwa makubaliano ya maandishi yenye masharti maalumu. Machinga na mama lishe hawaguswi na sheria hii, na kwao itabidi jiji lianze na usafiri wa usiku, vyoo na masoko yenye kivuli cha kupumzikia. Ila kwa maelfu walioajiriwa madukani hesabu ni nyepesi: duka linalofungwa saa 4 usiku haliwezi kumtaka muuzaji yule yule kabla ya saa 4 asubuhi. Halmashauri na uongozi wa wafanyabiashara wa Kariakoo wangeweza kuanzia hapo, kwa kudai orodha ya zamu kutoka kwa kila duka linaloomba kufunguliwa usiku, na maofisa wa kazi wakapita kuikagua saa 8 usiku, wakati ambao orodha hiyo ndipo ina kazi.